Mume ananunua mitambo, mimi naogopa bahari: Mei tunaondoka Baltic

Shikamoo Mjomba Nahodha,

Mimi na mume wangu tunaishi ndani ya boti ya matanga ya futi 36, huu ni mwaka wa nne, katika marina moja ya Sweden upande wa Bahari ya Baltic. Nakuandikia Januari. Deki tumeifunika turubai, na asubuhi nikitaka kushuka gatini inabidi nizipige teke kamba ili barafu iachie. Ndani, hita ya dizeli inanguruma usiku kucha, lakini nyuma ya magodoro bado mbao zinatoka jasho. Kila Jumamosi nayasimamisha yote na kupangusa maji kwa taulo. Nimechoka, Mjomba.

Tumekubaliana kwamba Mei, barafu ikishaisha, tunashuka kusini. Tutapita Mfereji wa Kiel, Bahari ya Kaskazini, Ghuba ya Biscay na Ureno, tufike Visiwa vya Kanari kabla baridi haijarudi. Kazini nimeshatoa notisi.

Tangu tuamue hivyo, mume wangu hakai bila kuagiza kitu. Ameleta mtambo wa kugeuza maji ya chumvi kuwa ya kunywa, jenereta, na antena ya intaneti ya setilaiti. Anasema hita tuiuze kwa kuwa tunakokwenda hatutaihitaji. Akiba yetu inapungua, na boti yenyewe bado hatujaikagua. Nikimuuliza kama ni nzima ananijibu, "Miaka minne haijadai chochote."

Lipo jingine ambalo yeye simwambii. Siku zote yeye anashika usukani, mimi nashika kamba. Sijawahi kuiingiza boti gatini peke yangu hata mara moja. Agosti iliyopita tukiwa njiani aliteleza akagonga kichwa kwenye winchi. Alikaa robo saa nzima ameshika kichwa, hasemi, na mimi nimeshika usukani sijui niigeuze boti kwenye upepo au niwashe injini. Upepo ulikuwa mdogo, hakikuharibika kitu. Lakini robo saa ile inanirudia usiku.

Je, nimwombe tusubiri mwaka mmoja, au huu ni woga tu? Na hela iliyobaki tuanze kuitumia wapi? Pasipoti yangu si ya Ulaya, Sweden naishi kwa kibali. Na anasema nguo za baridi zote tuzigawe. Nisaidie.

Mpwa wako,
Mshika Kamba

*

Marahaba, mpwa wangu,

Usimwombe mwaka. Ukiahirisha utaupitisha mwaka huo umeshika kamba zilezile, na robo saa ile itakukuta hapohapo ilipokuacha. Mwombe siku kumi za mwezi wa Mei kabla hamjatoka, na siku hizo nahodha awe wewe.

Mweleze ulichoniambia mimi, kwa maneno hayohayo. Kisha mkipata siku ya upepo mwepesi, yeye aingie chumba cha mbele, alale, mlango ufungwe, asiseme neno. Wewe washa injini, fungua kamba, itoe boti gatini, tweka tanga, lipunguze kana kwamba upepo umeongezeka, kisha ulishushe. Tia nanga, ing'oe, urudi gatini. Ukigonga gati, umegonga. Ndiyo maana tunaning'iniza maboya ya pembeni. Kesho yake utarudia. Hata yeye anayahitaji mazoezi haya kuliko anavyojua, kwa sababu baharini mtakuwa wawili na mmoja wenu lazima alale. Kila usiku, kwa saa tatu au nne za zamu yako, nahodha ni wewe, upende usipende.

Katika siku hizo kumi jifunze jambo ambalo lingekufaa Agosti: kuituliza boti katikati ya bahari bila nanga. Unaigeuza boti ipite kwenye upepo lakini tanga la mbele huliachii, unaliacha limeng'ang'ania upande upepo unakotoka. Halafu usukani unauzungusha kuelekea huohuo na kuufunga. Tanga la mbele linaisukuma boti upande mmoja, usukani na tanga kubwa vinairudisha upande wa pili, mwendo unakufa. Kelele zote zinapungua ghafla na boti inayumba taratibu. Hapo unapata nafasi ya kumfunga mtu jeraha, kuchemsha maji, au kukaa tu na kufikiri. Fanya mpaka mikono iifanye yenyewe.

Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikishikilia sekunde chache, redio hutuma namba ya boti yenu na mahali mlipo kwa kituo cha uokoaji na kwa meli zilizo karibu. Hufanya hivyo ikiwa namba imeshaingizwa ndani na redio inapata mahali kutoka kwenye GPS. Hakikisheni yote mawili yapo, na kozi ya cheti cha redio ukaisome wewe pia. Halafu muulize mumeo hili swali: akianguka majini, wewe utamtoaje? Mtu wa kilo 85 aliyelowa huwezi kumvuta kwa mikono. Hutolewa kwa kamba ya kutwekea tanga na winchi, na mfanye zoezi hilo mkiwa mmetia nanga mahali salama, yeye akiwa majini kweli na jaketi la kuokolea mwilini.

Sasa hilo neno lake kwamba boti haijadai chochote. Simlaumu, hata mimi niliwahi kulisema. Lakini boti yenu imeishi kwenye maji yaliyoipozea kila ugonjwa. Baltic ni baridi, chumvi yake ni haba, kupwa na kujaa hamkuoni, na umeme wa gati uko usiku na mchana. Vitu hivyo vinne vimekuwa vikiwafichia maradhi, na safari ya kusini itaviondoa vyote ndani ya miezi mitatu. Ndiyo maana nasema hela iliyobaki iende kwenye kile ambacho baridi imekificha. Mitambo mipya isubiri.

Anzeni na valvu zilizo chini ya maji. Maji ya katikati ya Baltic yana chumvi gramu 7 hivi kwa kilo, bahari kuu ina 35. Shaba nyeupe ya bei nafuu, ambayo watengenezaji wengi wa boti waliitumia, huoza kwenye chumvi kwa namna ya ajabu: zinki iliyomo hutoka, umbo linabaki. Ukiitazama unaona bomba zima. Mwaka niliotoka Baltic mimi nilijilaza kifudifudi ngamani, chini kabisa ndani ya boti, tochi mdomoni, nikakwangua kiungo cha choo kwa bisibisi. Chini ya uchafu haikutoka rangi ya manjano, ilitoka waridi, kama ufizi. Nikasukuma kidogo na ncha ya bisibisi ikazama ndani, chembe zikamong'onyoka vidoleni kama biskuti iliyolowa. Boti ilikuwa juu ya vigogo, namshukuru Mungu. Kiungo hicho kilikuwa kimesimama kati yangu na bahari miaka tisa.

Kwa hiyo kabla hamjashusha boti majini, au mkiipandisha makusudi, kwangueni kila valvu na kila kiungo. Chenye waridi kitoke siku hiyohiyo, na badala yake iwekwe shaba nyeusi au ile shaba maalumu inayostahimili chumvi. Kando ya kila valvu fungeni kigogo cha mbao laini kilichochongwa ncha, cha kuziba tundu. Hapohapo angalieni vile vipande vya chuma vinavyofungwa chini ili viliwe na kutu badala ya propela. Kama mna vya magnesi, ambavyo ni vya maji baridi yasiyo na chumvi, bahari itavimaliza upesi. Wekeni zinki au alumini. Rangi ya chini nayo: Sweden imebana sana rangi zenye shaba, kwa hiyo ile mliyopaka huenda ni dhaifu mno kwa bahari ya joto, ambako magamba na majani huota upesi. Pangeni kupaka nyingine mkishatoka Baltic.

La pili ni tangi la dizeli. Miaka minne boti haijatikiswa sana, kwa hiyo matope na maji vimetulia chini ya tangi, na kwenye mpaka wa maji na dizeli vijidudu vimeota utando mweusi. Baridi inavichelewesha tu, joto litavikuza. Siku mtakayokutana na mawimbi ya kweli kitu chote kitapanda na kuziba chujio, na injini itazimika kwenye mdomo wa bandari, pale mnapoihitaji kuliko mahali pengine popote. Fungueni tangi sasa, lisafishwe mpaka muone chuma. Kisha nunueni machujio ya kutosha, kumi si mengi, na ubadilishe moja kwa mikono yako ukiwa umefumba macho. Ukimaliza, utoe hewa kwenye mfumo wa mafuta mpaka injini iwake. Usicheke, mpwa. Usiku ngamani ni kama kufumba macho.

Friji ndiyo inayowashangaza wengi. Ndani ya boti yenye nyuzi 10 kompresa haifanyi kazi yoyote ya maana. Kwenye nyuzi 28 inaweza kuzunguka nusu ya siku nzima, na ya volti 12 hula ampea 5 hivi inapozunguka. Saa 12 mara ampea 5 ni ampea-saa 60 kwa siku. Betri za asidi hazitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo friji peke yake inadai betri ya ampea-saa 120, kabla hamjawasha taa. Na joto lenyewe huziua betri: mafundi huhesabu kwamba juu ya nyuzi 25, kila nyuzi 10 zaidi hukata maisha ya betri ya asidi karibu nusu. Kabla ya kununua chochote, chukua karatasi, iweke kwenye ukingo wa friji, funga kifuniko, uivute. Ikitoka kirahisi basi ubaridi nao unatoka hapo. Mpira mpya wa kifuniko na inchi mbili za kizuia joto kuizunguka friji vitawapa zaidi ya jenereta ile. Halafu paneli za sola. Penye jua zuri, kila wati 100 hutoa ampea-saa 30 hivi kwa siku, basi wati 300 zinawatosha kuanzia. Jenereta na mtambo wa maji, kama bado viko kwenye maboksi, virudishwe. Njia yenu ina bandari zenye mabomba ya maji kila siku chache. (Na maboksi yenyewe yasiingie botini ukifika kusini. Mende hutaga kwenye mikunjo ya karatasi ngumu, nami nilipigana nao miezi minane.)

Nanga. Watu wa Baltic hufunga omo, yaani mbele ya boti, kwenye mwamba na kutupa nanga ndogo nyuma. Kusini mtalala kwa nanga ya mbele, pengine wiki nzima, na upepo ukigeuka usiku hakuna mwamba wa kushika. Tafuteni nanga kubwa kuliko ile jedwali la mtengenezaji linayopendekeza, na mita 50 au 60 za mnyororo. Hesabu kina cha maji ukiongeza urefu wa omo juu ya maji, kisha zidisha kwa tano. Kina mita 5, omo mita 1, basi toa mita 30. Kukiwa na upepo mkali toa zaidi. Hiki ni kitu kimoja ambacho sitaki mbane matumizi, kwa sababu usingizi wako wote utaning'inia hapo. Nyaya za mlingoti zikishapita miaka 10 fundi apande azikague, maana bima nyingi nazo zitauliza. Na bima yenyewe isomeni: mara nyingi imechora mpaka wa maji mnayoruhusiwa, na Biscay inaweza kuwa nje.

Gesi si jambo kubwa. Mitungi ya kaskazini hamtaweza kuibadilisha Hispania, chukueni viunganishi vya aina mbili tatu.

Kuhusu njia, mpango wenu wa Mei ni mzuri na msiuache uteleze. Mfereji wa Kiel una kilomita 98, boti za starehe hupita mchana tu. Mkitoka Brunsbüttel, mwisho wa mfereji, mnaingia mto Elbe, na hapo ndipo mtakutana na kupwa na kujaa kwa mara ya kwanza, mita 3 hivi, na mkondo wenye nguvu kuliko injini nyingi ndogo. Tokeni na maji yanayopwa, na kama upepo unavuma kutoka magharibi ukipingana na mkondo, lalani Brunsbüttel. Kwenye Mfereji wa Uingereza jedwali la maji liwe kando ya kitanda. Huko Saint-Malo, bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 12. Mmekaa miaka minne bila kujua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, wala maji mafu, yanaposogea kidogo, kwa hiyo jifunzeni polepole, bandari moja moja.

Biscay vukeni Julai, Agosti mwishoni ikichelewa sana. Kutoka ncha ya magharibi ya Ufaransa hadi A Coruña, Hispania, ni siku tatu hivi kwa mwendo wa maili 5 za baharini kwa saa. Kinachoipa ghuba ile sifa mbaya ni sakafu yake. Kutoka mita 200 inaporomoka hadi zaidi ya 4,000, na mawimbi marefu ya Atlantiki yakifika kwenye ukingo huo husimama wima. Mkiwa na utabiri mzuri wa siku nne hamtayaona. Msiondoke kwa sababu mmeahidi kukutana na mtu upande wa pili.

Pwani ya Ureno wakati wa kiangazi upepo wa kaskazini utawasukuma. Midomo ya bandari kadhaa huko hufungwa bahari ikivimba, ulizeni kwa redio kabla ya kukaribia. Tangu 2020 kuna nyangumi wauaji wanaozigonga sukani za boti kutoka Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, hadi Mlango wa Gibraltar, na boti kadhaa zimezama. Wengi sasa hupita karibu na pwani kwenye kina kisichozidi mita 20, mchana, wakichunga maboya ya wavuvi. Someni taarifa za mamlaka za Hispania na Ureno wiki hiyohiyo mnayopita. Mkifika Kanari Oktoba mtakuwa mmetembea bila kukimbia. Mumeo akianza kuzungumzia Karibi, msimu wa vimbunga vya Atlantiki huisha rasmi tarehe 30 Novemba, kwa hiyo hana sababu ya kukuharakisha.

Kibali chako, mpwa, kishughulikie kabla ya valvu. Kibali cha Sweden hukuruhusu kukaa nchi nyingine za Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao) siku 90 ndani ya kila siku 180, na Ufaransa, Ureno na Hispania pamoja na Kanari zinahesabiwa pamoja. Kwa mpango wenu utazimaliza kabla ya Kanari. Tena kibali ni cha mtu anayeishi huko, ukihama kinaweza kufutwa. Kama mumeo ni raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya, wewe mkewe unayesafiri naye una haki pana zaidi, lakini lazima uweze kuionyesha: cheti cha ndoa kilichotafsiriwa, na majibu ya idara ya uhamiaji kwa maandishi. Waandikie wiki hii, majibu yao huchelewa. Hati ya umiliki wa boti na risiti ya kodi ya ununuzi ziwe kwenye faili hilohilo.

Hita isiuzwe. Ndiyo itakayokausha boti mkivuka Bahari ya Kaskazini, na kuna asubuhi za Ureno zenye ukungu utakaokurudisha Sweden. Nguo mgawe, lakini kila mmoja abaki na koti zito moja, suruali isiyopitisha maji, kofia ya sufu na jozi mbili za glavu, moja ya akiba nyingine ikilowa. Biscay, saa tisa usiku, hata ikiwa Julai, mumeo amelala na usukani uko mikononi mwako, utavivaa vyote.

Wako,
Mjomba Nahodha